Bibi Pil-nam na Siku Tatu za Gap-su

Bibi Pil-nam alikuwa mjane wa miaka sabini na nne, mkulima wa mpunga, na hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Mtihani wa kumaliza sekondari ya chini alishafaulu masomo yote isipokuwa hesabu. Hesabu ilimbwaga mara mbili, na mara zote mbili alirudi kijijini akaitifua bustani ya vitunguu saumu kana kwamba ndiyo iliyosahihisha karatasi.

Cheti alikitaka kwa sababu ya picha. Kijijini kwao kila mzee keshapiga picha yake ya msiba, ile itakayowekwa katikati ya maua siku akifa, watu waje waiinamie. Ya kwake bado. Aliapa kwamba haitapigwa mpaka avae joho la mhitimu. Mwanawe, Du-sik, alimsihi mpaka akachoka.

Jumanne moja wanafunzi, vikongwe watupu, waliketi sakafuni kwenye ukumbi wa kijiji, sakafu inapashwa moto kwa chini, ina joto zuri. Ubaoni Mwalimu Seo-gyeong aliandika x = y + 2, na chini yake 3x + 2y = 31.

"Tano y ni ishirini na tisa," Bibi Pil-nam alinung'unika. "Haigawanyiki. Mwalimu, hesabu yako mbovu."

"Hesabu haina kosa, bibi. Umemtoa x, ukaweka y na mbili mahali pake. Vizuri. Lakini ile tatu imemzidisha y peke yake. Mbili umeiacha."

"Si hii hapa nimeiandika?"

"Mara moja. Ilitakiwa mara tatu."

"Kwa nini mara tatu?"

Mal-rye, jirani yake tangu wakiwa maharusi, alicheka. "Mama Du-sik, tukupige picha na aproni tu. Jikoni ulihitimu zamani."

Bibi Pil-nam macho yalikuwa ubaoni. Zamani, kabla ya matrekta, walilima kwa kulipana siku: leo watu wote kwangu, kesho kwako. Asiyeweza kuja alileta wa kukaa mahali pake.

"Mal-rye," akasema polepole. "Mwaka ule mumeo Gap-su alipoumia mgongo, nilikuwa namdai siku tatu. Alimleta nani?"

"Ng'ombe wetu na wanangu wawili. Umesahau?"

"Wanao walikuja siku ya kwanza tu?"

"Siku zote tatu. Na siku zote tatu walirudi wakilalamika kabichi yako ya kimchi chumvi tupu."

Kumbe ndiyo hiyo! x ni Gap-su. Hakuja, mahali pake amekuja y, yaani ng'ombe, pamoja na vijana wawili. Siku tatu, ng'ombe mara tatu, na vijana nao mara tatu. Yeye miezi yote hii alikuwa akiwapa chakula siku ya kwanza, halafu anawasahau shambani.

Kalamu ikakimbia. 3y + 6 + 2y = 31. Tano y, ishirini na tano. y ni tano, x ni saba. Akawarudisha wote mahali pao kuhakikisha: ishirini na moja na kumi, thelathini na moja. Alijisikia mwepesi, furaha imempanda hadi kichwani.

"Nyingine," akamwambia mwalimu.

"Bibi, muda wa kwenda nyumbani umefika."

"Nyumbani kuna nini? Nyingine."

Alizimaliza zote za ukurasa ule, Mal-rye anamsubiri mlangoni kashika viatu vyake.

Mtihani wa Agosti alifaulu. Septemba mpiga picha wa halmashauri alikuja, na Bibi Pil-nam akasimama mbele yake na joho jeusi, Du-sik akimnyooshea kola huku machozi yanamlengalenga.

"Bibi, usitabasamu sana," mpiga picha alisema. "Hii ni picha ya msiba."

"Msiba wa nani?" Bibi Pil-nam aliuliza. "Hii nabandika kwenye fomu ya sekondari ya juu. Ya msiba njoo baada ya miaka mitatu, nikihitimu na hiyo."