Paa la Kituturi

Nyumba ya mama ilichomwa asubuhi, yeye mwenyewe akiwa bado anatoa vyungu. Mgambo mmoja alimpiga rungu la bega kwa sababu alirudi ndani kuchukua jiwe lake la kusagia. Nilipouliza kwa nini anapigwa mama wa watu, nikapata langu la mgongo, na la pili la shingo nikiwa tayari nimepiga magoti. Hiyo ndiyo ilikuwa operesheni ya kuhamia vijijini kwa upande wetu wa Nyakunguru. Watu walipakiwa kwenye lori pamoja na kuku, mama akiwa mmoja wao, na moshi wa paa zao ukawasindikiza mpaka barabarani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda. Nikashika njia kwa miguu mpaka Mugumu, kwa dada yangu. Miguu hii ilianza kazi siku ile, na mpaka leo, nikiwa na miaka arobaini na kitu, bado haijajifunza kukaa. Nimelala Kahama, nimelala Geita, nimelala mahali ambapo sikumbuki jina lake. Lakini nikifumba macho mahali popote, harufu inayonijia ni ya maranda ya mbao katika karakana ya shemeji yangu pale Mugumu.

Shemeji alikuwa seremala, Mwislamu. Baba yake aliletwa bara na biashara ya nguo kutoka pwani, akaoa huku, akafia huku. Shemeji alizaliwa huku na alizungumza Kikurya cha kutukania vizuri kuliko mimi. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, na hasira zake zilikuwa karibu. Alinipa kazi kwake, na nikikosea kipimo alinirushia chochote kilichokuwa mkononi mwake. Siku moja ilikuwa patasi. Ilipita karibu na sikio langu ikasimama kwenye nguzo, naye akasema, "Shemeji, nirudishie patasi yangu," kana kwamba nilikuwa nimeiazima.

Wilaya ilikuwa changa wakati huo na wakubwa wake walikuwa na haraka. Walipomaliza kuhamisha vijiji wakageukia mji. Mtu asiye na kazi inayojulikana alikuwa anakamatwa na kupelekwa kijijini kulima. Nilimwona kinyozi wa sokoni akiburutwa kwa ukosi wa shati, mkasi bado uko mkononi, na mteja wake ameachwa na kichwa nusu. Aliposhikilia nguzo, walimpiga vifundo vya vidole kwa kitako cha bunduki mpaka akaiachia.

Baada ya kinyozi, walifika kwetu. Afisa aliyekuwa na kazi ile alikuwa kijana mwenye suti ya mikono mifupi na sauti ya chini. Aliangalia karakana nzima, akaangalia meza moja iliyokosa miguu.

"Wewe unajiita fundi," akamwambia shemeji. "Mbao hakuna wilaya nzima, misumari hakuna. Unatengeneza nini?"

"Natengeneza ninachoweza, bwana mkubwa."

"Wengi wanasema hivyo." Kisha akakaa juu ya gogo letu. "Uchaguzi ni Oktoba. Nahitaji vituturi. Viwe vyepesi, watu wawili wakisimamishe kimoja bila nyundo, kikunjwe, kirudi kwenye lori, kiende kituo kingine. Vikisimama, karakana yako inabaki na wewe unabaki. Visiposimama, lori linajua njia ya hapa."

Dada alikuwa mlangoni na mimba iliyoanza kuonekana. Aliingia ndani. Tangu siku hiyo, kila lori lililopita barabarani lilimfanya aache alichokuwa anafanya.

Kituturi ni kile kibanda ambacho mpiga kura anajificha ndani yake kuweka alama kwenye karatasi. Uchaguzi uliopita vilijengwa kwa fito na nyasi, papo hapo, na kila mtu alikuwa na kisa chake. Kile nilichokiona kwa macho yangu kilikuwa upande wa Tarime. Ng'ombe walikuja wakala ukuta, mtu akiwa ndani na karatasi yake mkononi. Ndugu zake waliokuwa kwenye foleni wakaona alama ilipowekwa. Hawakungoja hata atoke. Walimvunja taya pale pale mbele ya msimamizi, na kaka yake mkubwa akamkanyaga kifuani akisema, "Unamchagua mtu wa koo ile iliyoiba ng'ombe wa baba?" Kwa hiyo tulijua kazi yetu. Ukuta mwembamba ungeweza kumgharimu mtu taya.

Tulitumia mbao laini za makreti ya sabuni na chai, tuliyopewa na wenye maduka. Fremu tatu, mbili za ubavu na moja ya nyuma, na mbele pazia. Bawaba hazikupatikana kwa hiyo tulikata vipande vya tairi kuukuu tukavifunga kwa kamba ya ngozi. Kila pembe ilishikwa na pini ya mti iliyoingia kwenye tundu, ukiivuta tu kitu chote kinalala chini kama mwavuli. Kuta zilikuwa za gunia mbilimbili, zilizoshonwa na dada. Cha kwanza kilianguka kikampiga shemeji utosini, damu ikamfika kwenye ndevu. Alikichana kwa shoka mpaka kikawa kuni. Cha pili kilisimama.

Ila mvua. Oktoba huku ni mwanzo wa vuli, na karatasi iliyolowa haisomeki. Shemeji alikaa na jambo hilo siku nyingi, akawa mkali kwa kila mtu. Mwisho akaweka paa. Vipande viwili vya fremu, vimeunganishwa kwa tairi juu, vinafunguka na kukaa juu ya kuta kama mikono inayoomba dua, na juu yake turubai kuukuu. Lilikuwa paa zuri. Nililimwagia debe la maji nikiwa nje na yeye akiwa ndani, akatoka mkavu. Ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka mpaka akashika tumbo. Alimwita dada aje amwagiwe na yeye. Dada akamwambia, "Mimi nalala chini ya paa lako kila siku na linavuja. Hilo ndilo ungelitengeneza kwanza."

Tulipomaliza vyote, wagombea walikuwa bado hawajapewa alama zao. Wakati ule wagombea ubunge wawili wa jimbo walipewa alama mbili, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Zilipotangazwa hatukufikiri lolote. Tulikuwa tumelala fofofo kwa uchovu na furaha.

Afisa alitaka watu waonyeshwe jinsi ya kupiga kura, na akachagua tuanzie Mbalibali, siku ambayo wagombea wote wawili wangehutubia pale. Tulipanda lori na vituturi vitatu. Lilikuwa lori lile lile la operesheni. Tulipoingia kijijini wanawake walianza kukimbiza watoto kichakani, na mzee mmoja akatutupia jiwe lililovunja taa ya mbele. Mgambo alishuka akamchapa yule mzee mpaka fimbo ikakatika. Mkutano ulianza hivyo.

Watu wa jembe walikaa upande mmoja, wa nyumba upande mwingine. Kila upande ulikuwa na watu wa koo moja zaidi kuliko nyingine, na kati ya koo hizo kulikuwa na wizi wa ng'ombe na mishale ya miaka mingi. Mgambo walikuwa wamezikusanya pinde, lakini panga ni kifaa cha kazi, mtu huwezi kumnyang'anya. Afisa alituita mbele. Tulikuwa tumefanya mazoezi na tulitaka kuonyesha. Pini, pini, ubavu, nyuma, pazia, paa. Kituturi kikasimama kabla afisa hajamaliza kueleza.

Halafu mtu mmoja wa upande wa jembe, mwenye koti kuukuu la jeshi, akasimama.

"Hiyo kitu ni nini?"

"Ni kituturi, tata," akajibu afisa, akimwita baba kwa Kikurya. "Unaingia peke yako, hakuna anayekuona."

"Mimi naona nyumba."

Upande wa nyumba wakaanza kucheka. Mmoja akapiga kelele, "Macho unayo, mura! Ingia basi, umekaribishwa!"

Nikageuka nikaangalia kazi yetu. Mlango mmoja, kuta, paa la pande mbili lenye ncha juu. Ilikuwa ile ile picha ya karatasi ya kura, imekatwa ikawekwa uwanjani. Shemeji alikuwa bado hajaona. Alikuwa anafuta vumbi kwenye pazia.

"Nyumba yangu mlichoma ninyi," yule wa koti akamwambia afisa. "Lori hili hili. Leo mnaniletea nyumba ya gunia niingie nimchague nyumba. Mtu akishaingia humo, ameshachagua nini?"

"Ni mfano tu, mzee wangu, keti."

"Siketi. Ikunjeni!"

"Wanaogopa nyumba kwa sababu wanalala porini na ng'ombe za watu!" mtu akajibu kutoka upande wa pili, na hapo ndipo jiwe la kwanza liliporuka.

Sikumbuki mpangilio wa yaliyofuata. Nakumbuka mgombea mmoja akiingizwa chini ya meza. Nakumbuka mgambo akipigwa kwa kiti mpaka kiti kikabaki mguu. Kijana wa upande wa jembe alikimbia akapasua kituturi cha pili kwa panga, na mwingine akamkata yeye mgongoni, akaanguka juu ya gunia na kulilowesha. Vumbi lilikuwa jekundu, na wanawake walipiga ukunga usioisha. Mimi nilikuwa nimemshika shemeji kiunoni nikimvuta kuelekea lori. Hakutaka. Alikuwa ameshikilia nguzo ya kituturi cha kwanza, anatafuta pini akikunje kama alivyoambiwa, anapiga kelele, "Nakunja! Nakunja, jamani, ngojeni!"

Yule wa koti alilenga paa. Nasema hivyo kwa sababu nilimwona. Panga lilishuka kwenye turubai, likateleza kwenye ubao na kumalizikia kwenye mkono wa kulia wa shemeji uliokuwa umeshika pembe. Vidole vitatu vilianguka ndani ya kituturi. Yule mtu alivitazama, akatutazama sisi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si nilisema mkunje?" Kisha akapigwa rungu kichwani na mgambo akalala pale pale.

Nilimfunga shemeji kwa shati langu. Kwenye lori tulikuwa pamoja na kijana aliyekatwa mgongo, akifa na kurudi, akifa na kurudi, na tulipofika Mugumu hakurudi tena.

Afisa alikuja hospitali siku iliyofuata, shavu limevimba. "Paa zitoke," akasema. "Zote." Shemeji alikuwa amelala amegeukia ukuta.

"Karatasi zitalowa," akasema.

"Zilowe. Kazi ikamilike, au masharti ni yale yale."

Nilizikata mimi. Nilikata paa moja baada ya lingine kwa msumeno wa shemeji, nikazirundika uani, dada akazipikia. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya ikaniuma vile. Shemeji alitoroka hospitali kabla ya siku yake, akakaa kwenye gogo na bandeji kubwa kama kifuu cha nazi, akinitukana: nakata mbali mno, nakata karibu mno, nashika msumeno kama mwiko.

Siku ya kura ilinyesha. Nilikwenda na lori, tukaanza Robanda tukaishia Mbalibali. Watu waliingia vituturini wamejifunika magunia kichwani, karatasi ndani ya shati. Foleni ilipigwa marungu mara nyingi. Mwanamume mmoja alimng'ata askari sikio kwa sababu ya kurukwa nafasi. Lakini kuta zilisimama, na alama ya mtu haikuonwa na ndugu yake. Niliwatazama wakitoka, mmoja mmoja, wamelowa chapachapa, na hakuna aliyevunjwa taya kwa alichokifanya mle ndani.

Afisa alirudi karakana wiki iliyofuata. Alikuja na lori. Ndani yake kulikuwa na watu waliokamatwa stendi, mmoja anatokwa na damu puani. Dada alitoka na kusimama kati ya lori na mlango, mikono juu ya tumbo.

"Vilisimama," afisa akasema. "Nilitoa ahadi. Fundi anabaki." Kisha akaangalia bandeji, na uso wake ukabadilika. "Lakini fundi ni mtu anayeshika randa. Huo mkono utashika nini? Mimi nikiulizwa nitasema hapa kuna nani?"

Shemeji hakungoja hata kidogo. "Fundi ni huyu," akanisukuma mbele. "Vile vituturi ni kazi yake. Mimi ni mzee wake tu, namwangalia."

Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu. Nilitaka Mwanza, nilitaka ziwa, nilitaka mahali ambapo hakuna aliyenijua. Nikafungua mdomo kusema hapana, siyo mimi. Kabla neno halijatoka, shemeji alinipiga mdomoni kwa mkono ule ule wa bandeji, kwa nguvu zake zote. Jino lilipasua mdomo wangu, na kwenye bandeji damu yake ikachanua kama ua.

"Ana aibu," akamwambia afisa, akitetemeka kwa maumivu. "Vijana wa siku hizi ukiwasifia wanakataa."

Afisa alinigeukia. "Wewe ndiye fundi?"

Nilimeza damu. Dada alikuwa ananitazama.

"Ndiyo," nikasema.

Alipiga mlango wa lori kwa kiganja, dereva akawasha. Lilipopita kona, dada alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Shemeji aliinama, akaokota randa kwa mkono wa kushoto na kunishindilia nayo kifuani.

"Meza ile haina miguu," akasema. "Anza."

Nikaanza. Nilikaa pale miaka mingi kuliko mahali pengine popote nilipowahi kukaa.