Ijumaa ya Kwanza Baada ya Eda

Wiam, mwalimu mstaafu mzaliwa wa mji wa Birkat al Mauz, hakuogopa mwanamke yeyote duniani ila mmoja: Asya, binti ami wa mumewe. Siku ya harusi yake aliwasikia mawifi wakinong'ona kwamba bwana harusi, Humaid, alikuwa haki ya Asya, kwa kuwa ni binti ami yake. Asya akaolewa mbali, mji wa Nizwa, Wiam akashusha pumzi. Sasa Asya kafiwa na mumewe, eda imekwisha, na nani kamwalika kwenye boti Ijumaa ya kwanza tu? Humaid! Wivu ulimpanda Wiam, chai akaiacha mezani.

Boti yenyewe ndogo, ya fiba, Humaid kainunua alipostaafu. Walitoka bandari ya Sur asubuhi wakaambaa na pwani kwenda kaskazini, upande wa Qalhat. Milima imeshuka mpaka majini, shakwe wanapiga kelele, kasa wanachomoza vichwa na kuzama. Mtu mwingine angesema subhanallah. Wiam alikuwa akiangalia nani kamtazama nani.

Asya kawekwa mbele, karibu na Humaid. Wiam, mke wa ndoa, kawekwa nyuma na birika la kahawa na halwa.

"Asya, tazama kulia! Pomboo hao?"

"Pomboo, wallahi! Na watoto wao!"

Wakacheka kama watoto wanaotoka chuoni. Wiam akajisemea moyoni: haya, napelekwa kwenye uke wenza kwa boti ya mume wangu, na kahawa nawamiminia mimi.

Wenzake walipoinamia upande wa nchi kavu kumtazama kasa, yeye aligeukia bahari kuu kuficha machozi. Hapo maji yakapasuka. Mgongo mweusi, mrefu kuliko boti, ukapanda, pumzi ikaruka juu, mkia ukainuka taratibu, ukazama. Nyangumi! Tangu anunue boti Humaid alikuwa akimtafuta, hajamwona. Mashine ilinguruma, wale wawili hawakusikia kitu. Wiam alifungua mdomo, kisha akaufunga. Wao wana pomboo wao, huyu wangu.

"Wiam, huko hukuona kitu?" Humaid aliuliza.

"Sikuona."

Walirudi Sur. Humaid, uso umemshuka, akaenda kuleta gari. Asya akamshika Wiam mkono.

"Nisamehe, wifi yangu. Humaid kanibembeleza wiki nzima: 'Njoo, Asya, wewe una macho makali tangu utoto, yangu yameingia ukungu. Wiam anataka kumwona nyangumi kabla magoti hayajamkataa. Boti hii nimeinunua kwa hilo.' Nami nimeshindwa kumpata."

Wiam alihisi uso unamuwaka. Aibu ilimjaa, na wivu nao bado umo, haujatoka wote.

Humaid akashuka garini. "Khalas, basi, hatukujaaliwa."

"Ijumaa ijayo twende tena," Wiam akasema. "Na Asya mwite. Ila safari hii akae nyuma, na mimi."