Sauti Niliyoikosea Uwanjani

Siku yangu ya kwanza kazini, Dodoma mjini, Afisa Utamaduni hakunipa hata kiti. Alinipa kifilimbi cha duara, kidogo kama kifuniko cha chupa ya chai, chenye matundu pembeni, kila tundu na noti yake, akasema, "Kijana, wewe ndiye mtoa sauti wa kwaya. Wimbo wa kizalendo ukianza vibaya mbele ya wageni, hausimamishwi. Tutaumbuka mpaka mwisho."

Ninyi vijana mna vinanda na simu. Enzi zetu mtoa sauti alipuliza noti ya kuanzia, kisha akaliimbia kila kundi noti yake kwa sauti ndogo: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na besi. Ukipandisha mno, kina mama wa sauti ya kwanza wanafika kwenye kiitikio wakipiga mayowe. Ukishusha mno, besi wananguruma tu, maneno hayasikiki. Kazi yenyewe haizidi dakika moja, na dakika hiyo niliiogopa miaka yote. Nilihamishiwa Kondoa, nikapelekwa Mpwapwa, nikarudishwa Dodoma mjini.

Mjini nilimkuta Mama Nyemo, mkulima wa Msalato, kiongozi wa sauti ya pili. Noti za kwenye karatasi hakuzijua. Wimbo aliushika kwa sikio, kama walivyoimba kwao tangu utotoni.

Sherehe moja ya kitaifa, uwanjani, tuliunganisha kwaya za makanisa, shule na vikundi vya ngoma, waimbaji zaidi ya mia mbili. Wageni walipoketi, Afisa alinikazia macho. Nikapuliza tundu lisilo sahihi. Nilijua papo hapo kwamba nimepandisha mno. Nikaona kazi imeniponyoka.

Mama Nyemo hakukitazama hata kifilimbi. Aliguna "mmm" nzito, chini kabisa ya noti yangu. Kundi lake likaidaka, la jirani likaidaka, mpaka wote. Mwongozaji wa kwaya akashusha mkono, wimbo ukaanza.

Jamani, wimbo ule! Besi walipoingia niliwasikia mpaka kwenye nyayo. Jina la nchi lilipotajwa kwenye kiitikio, sauti zote nne zilikutana, uwanja mzima ukasimama kuimba. Nilifurahi mpaka nikalia hadharani, na bado niliogopa, maana nilijua noti ile si yangu.

Tulipomaliza, Afisa alinishika bega. "Leo umetoa sauti! Hiyo ndiyo kazi."

"Asante, mkuu," nikajibu.

Mama Nyemo alikuwa pembeni. "Mwalimu, ulitaka kutupasua makoo?" alininong'oneza akicheka. Hakumwambia mtu. Nami nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Nilipopandishwa cheo kwa sifa ya siku ile, niliogopa zaidi.

Mwaka jana nilistaafu, wakaniaga ukumbini Ipagala. Afisa, naye mstaafu siku nyingi, aliisimulia siku ile kwa mbwembwe zote. Kisha kwaya ikasimama kuniimbia, Mama Nyemo mbele, mvi tele, akisubiri nitoe sauti. Niliogopa kuliko siku ya uwanjani.

"Mama, toa wewe," nikasema kwa nguvu. "Kama siku ile."

Afisa akanigeukia. "Siku ipi?"

Nikamweleza yote, watu wakisikia. Akageuka kumtazama Mama Nyemo. Mama Nyemo akaguna, kwaya ikaingia na wimbo wa nchi yetu, nami nikakaa kitini nikausikiliza kama watu wengine.