Bomba Lililosuuzwa Mara Moja

Mimi si msemaji. Mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, naangalia chini mpaka amgeukie mwingine. Haya ninayoandika nilitakiwa kuyasema kwa mdomo, jikoni, baba akiwa amesimama mlangoni. Sikuyasema.

Kwetu Mwika kahawa ni ya baba na maharage ni ya mama. Hakuna aliyenifundisha hivyo, niliona tu nani anamwomba nani ruhusa kabla ya kushika jembe. Maharage ya mama yalikuwa meusi, yana doa jeupe kwenye kitovu. Bibi alimpa mbegu ile alipoolewa, na bibi sasa hayupo. Majirani waliokuwa nayo waliiacha wakafuata za sokoni zinazoiva upesi. Ilibaki kwetu tu, matuta manne nyuma ya zizi.

Mbawakawa wanayapenda sana. Ni wadogo, rangi ya kutu, wanang'aa kama shanga. Wanatoboa jani changa mpaka linakuwa chekeche, na ukiligusa wanajiangusha chini wanajifanya wamekufa. Mama alikuwa akiniamsha alfajiri, umande bado upo, maana wakiwa wameloa hawaruki. Unakinga kopo lenye maji ya majivu chini ya jani, unaligonga kidogo, wanaingia wenyewe. Baada ya hapo ni mkojo wa ng'ombe. Tunaukinga kwenye mfereji wa zizi, tunaulaza kwenye debe siku kumi umefunikwa jani la mgomba, halafu tunauchanganya na maji na kuunyunyiza kwa kicha cha majani makavu.

"Hauwaui," mama alikuwa akisema. "Unawachukiza tu, waende kwa wenye pua mbaya."

Baba alikuwa akicheka. Siku hizi dawa ziko kila duka, za kila rangi, na yeye alishanunua ile ya kuua magugu kwenye kahawa, kwa kuwa kaka zangu wamekwenda mjini na hakuna wa kupalilia. Aliwahi kumwambia jirani mbele ya mama, "Mke wangu ana duka la dawa, muuzaji wake ana pembe mbili."

Muhula uliopita mama mdogo anayeishi Pasua, kule mjini, alijifungua, mama akateremka kwenda kumlisha mtori, ile supu ya ndizi, wiki mbili. Asubuhi ya kuondoka alinipeleka kwenye matuta. Miche ilikuwa na majani manne manne.

"Nimepanda yote," alisema. "Mbegu ya akiba ililiwa na fukusi. Haya yakienda, hakuna mahali pa kuyanunua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Nilielewa kweli. Siku tano nilifanya kila kitu alivyonionyesha, na majani mapya yalitoka mazima. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia. Tatizo ni kwamba kicha kinarusha mkojo kila upande, unakuingia kwenye nywele, na sabuni ya kipande haiutoi. Siku ya sita darasani jirani yangu wa dawati alisogea mpaka akakaa nusu hewani.

"Wewe, ng'ombe umemwacha getini au umeingia naye?"

"Msimcheke," akasema mwingine nyuma. "Kwao ndiyo manukato."

Walicheka mpaka mwalimu akauliza kuna nini, na mimi nikaangalia chini. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kitu kimoja: bomba la baba.

Bomba lile la mgongoni lilikuwa kwenye stoo ya kahawa, na baba alishasema mtu asiliguse. Lakini bomba linarusha mbele, si nyuma. Mtu analibeba na anabaki msafi. Baba alikuwa ameenda kunywa mbege. Nilijua kilichokuwa kimetiwa ndani mara ya mwisho, siwezi kusema sikujua. Magugu chini ya kahawa yalikuwa bado yamelala, ya njano.

Nilitaka kulisuuza vizuri. Ila zamu yetu ya maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka toka msituni, ilikuwa kesho kutwa, na kuufungua siku ya wenzako ni ugomvi wa ukoo mzima. Ndani ilikuwepo ndoo moja na ng'ombe hajanywa. Nikatia makopo mawili, nikatikisa, nikamwaga. Mara moja. Nikajiambia, tone moja litafanya nini, nikajaza mkojo na kunyunyiza matuta yote.

Kesho yake shuleni hakuna aliyeziba pua.

Siku ya tatu majani yalianza kujikunja, yamepauka. Nilidhani ni mbawakawa wamezidi. Nikachukua bomba nikaongeza.

Mama alirudi Jumapili, ana kanga mpya aliyopewa na dada yake. Hakuingia ndani, alipitiliza kwenye matuta. Nilimfuata. Yote yalikuwa yamelala. Aliinama, akavunja shina moja, akalinusa, halafu akanusa mikono yangu.

"Ulinyunyiza kwa nini?"

"Kwa bomba."

"Ulisuuza mara ngapi?"

"Moja."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa kwenye jiwe na kanga yake mpya, akaanza kung'oa miche, mmoja mmoja, akiipanga kama mtu anayepanga kuni.

Jioni baba alikuja mlangoni mwa jiko. Alikuwa ameshaona.

"Haya, daktari wa mkojo. Wagonjwa wako wamepona?"

Mama alikuwa anakoroga sufuria. Mimi nilikuwa nachambua mnavu, hatua mbili kutoka kwake. Nilijua kama baba angesikia habari ya bomba ningekula fimbo, na mama alijua hivyo.

"Mkojo ulikuwa mkali," mama alisema. "Nilimwelekeza vibaya vipimo."

"Miaka yote nakwambia."

"Umeniambia."

Mdomo wangu ulifunguka. Nakumbuka ulifunguka. Nikauona mnavu mkononi, nikaendelea kuuchambua.

Sasa matuta yale yana maharage ya sokoni, mekundu, na baba ndiye anayeyapiga dawa, kwa sababu mama alishindwa. Hivyo ndivyo inavyosemwa. Wanawake kwenye mfongo wanamwuliza kama bado ana duka, naye anacheka nao kisha anajitwika ndoo. Zizi linasafishwa na mkojo unapotelea migombani. Haniamshi tena alfajiri, naamka mwenyewe saa ileile na kulala nikitazama bati.

Kwetu mtu akikukosea anakuletea jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani, limefungwa fundo, na ukishaletewa huruhusiwi kukataa kusamehe. Nililikata moja wiki ileile. Limo humu kwenye daftari, limekauka, fundo halijafunguka. Mara mbili nimelichukua mpaka mlango wa jiko. Lakini angelipokea, lazima alipokee, halafu angeendelea kukoroga sufuria kama kawaida, na baba asingejua kitu, na maharage yangebaki ya sokoni. Anayetakiwa kusikia ni baba. Kwake jani halisemi, inabidi niseme mimi.