Jirani wa Kumsenga

Anaclet alipoomba kazi ya kulinda mifumo ya kompyuta katika idara ya usalama, aliulizwa kama ana ndugu nchi jirani. Akajibu hana, bila hata kumeza mate. Kisha akampigia simu Laurentine, mama yake mdogo aliyevuka mpaka kutoka Burundi kuja kumlea Anaclet katika kijiji cha Kumsenga alipofiwa na wazazi: maofisa wakija kumuulizia, ajiite jirani.

Walikuja. Laurentine akawapikia ugali wa muhogo, akasema kama alivyoagizwa. Kazi ikapatikana.

Mwaka huu Anaclet alimleta mchumba wake nyumbani. Laurentine alijifuta mikono kwenye kitenge, akamshika binti mikono yote miwili.

“Karibu, mwanangu. Mimi ni jirani tu.”

Akamtazama Anaclet, aone kama amesema vizuri. Anaclet, uso umemshuka, akaitikia kwa kichwa.