Kicheko Zizini

Miaka yote niliyofundisha falsafa chuoni Njoro, niliwaambia wanafunzi kwamba huzuni huona mbali. Furaha, nilisema, hupita juu ya vitu kama upepo juu ya ngano. Mwenye huzuni ndiye husimama akatazama. Wanafalsafa wa zama hizi wamebishana sana juu ya hilo. Mimi nilikuwa nimeshachagua upande.

Kisha mama akafariki. Tulimzika nyumbani, Rongai, na pale kaburini nilingoja huzuni inionyeshe kitu. Niliona udongo, nikaona viatu vya watu, nikawaza kama chakula kitawatosha wageni. Basi.

Kesho yake asubuhi mimi na dada yangu tulienda kukamua ng'ombe wa mama. Ng'ombe akakataa. Akapiga ndoo teke, akatugeuzia mgongo. Dada akaingia nyumbani, akarudi amevaa koti la mama na kitambaa chake kichwani.

"Simama hapo, wewe mjeuri!" akasema, sauti ya mama kabisa.

Ng'ombe akatulia, akaanza kucheua.

Tulicheka hadi nikakaa kwenye matope. Na katikati ya kicheko kile nikamwona mama kuliko nilivyowahi kumwona: mwanamke aliyeamka kila alfajiri kutaniana na mnyama, mwenye raha zake ambazo hakutuomba ruhusa ya kuwa nazo. Mimi nilimjua kama mtu wa taabu tu. Kila nilipomtembelea nilimletea sukari na uso wa kumhurumia.

Shangazi, dada ya baba, alikuwa amesimama mlangoni pa zizi.

"Mnacheka? Na udongo haujakauka?"

Tulimaliza kukamua haraka. Maziwa tuliyapeleka jikoni tukiwa tumeinamisha vichwa, na mchana kutwa sikuthubutu kumtazama mgeni yeyote machoni.

Jioni nilimfuata shangazi alipokuwa akimenya viazi.

"Shangazi, nilidhani mama hakuwa na furaha."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna."

"Ulimuuliza?"

Sikuwahi kumuuliza. Shangazi akanisogezea kisu na viazi vingine, tukamenya pamoja.

Nilirudi kazini. Siku hizi nikifika sehemu ile ya somo nawaambia wanafunzi kwamba furaha nayo hujua mambo, na wengine huandika haraka haraka, wakitabasamu. Siwaambii kwamba furaha hiyo inaweza kukufanya umjue mtu siku moja baada ya kumzika.