Haboba Aliyekosea Hadithi

Jumanne, kwenye zahanati karibu na soko la Custom, nesi alimuuliza mama mmoja mara tatu jina la mtoto aliyempakata. Mama alitazama sakafu tu.

"Tangu tukimbie risasi, haongei," dada yake alisema. "Mtoto amezaliwa njiani. Jina anajua yeye peke yake."

Nesi akaiweka kadi ya mtoto kando. Basi haboba mmoja, bibi aliyekaa nasi kwenye foleni, akaanza kutusimulia hadithi ya sungura aliyeiba maji kisimani. Akaikoroga yote. Eti mwizi alikuwa fisi!

"Haboba, umezeeka!" tulimcheka.

Akaendelea na fisi wake.

"Hapana," sauti ndogo ikasema. Alikuwa yule mama. "Fisi iko nje, analinda. Sungura ndiyo iko ndani."

"Kumbe? Maliza wewe, binti yangu. Kichwa yangu imechoka."

Akaimaliza mpaka mwisho. Nesi akauliza tena, polepole, na safari hii akapata jina la kuandika.

Nilimnong'oneza haboba kwamba hata mimi naijua hadithi ile.

"Nani haijui?" alinijibu. "Mimi nimelea watoto tisa nayo."

Nyumbani huwa najitahidi nisikosee hata neno nikimsimulia mwanangu. Labda ninajitahidi kupita kiasi.